Nani Analipa Siku za Matanga?

Tarehe 23 Mei 1999, mjini Bristol, Uingereza, timu ya kriketi ya Kenya ilikutana na India kwenye Kombe la Dunia. Wengi mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa, na wengine kriketi mnaijua kwa jina tu, kwa hivyo niwape matokeo haraka: India mikimbio 329, sisi 235. Sachin Tendulkar peke yake alitupiga 140 na hakuna aliyeweza kumtoa uwanjani. Alipofikisha mia moja aliinua macho mbinguni. Babake, mwandishi Ramesh Tendulkar, alikuwa amefariki siku chache tu kabla. Sachin aliiacha timu Uingereza akapanda ndege hadi Mumbai kumuaga mzee, India ikacheza na Zimbabwe bila yeye na ikashindwa kwa mikimbio 3. Halafu akarudi, na aliowakuta mbele yake ni sisi.

Hadithi hii husimuliwa kila mahali kama hadithi ya ushujaa. Mtu amefiwa, ameaga, amerudi kazini, amefanya maajabu. Sina shida na ushujaa. Lakini mimi ni mtu wa karatasi, na swali linalonisumbua ni la karatasi: mchezaji akienda matanga, zile siku nani anazilipa? Kwa nyota kama Tendulkar hakuna anayeuliza. Swali linaanza kuuma ukishuka ngazi, mpaka umfikie kipa mmoja wa daraja la chini anayeishi ploti moja na mimi hapa Kitengela.

Huyo kipa simtaji jina, wala klabu yake. Alimpoteza mamake. Mazishi yalikuwa magharibi mwa Kenya, na kwao kifungua mimba haondoki mara tu kaburi likishafunikwa. Alikaa siku tisa. Akiwa huko, klabu ilicheza mechi mbili. Wenzake walichanga, kocha akamtumia elfu moja kwa M-Pesa pamoja na ujumbe mzuri wa pole. Mwisho wa mwezi posho ikaja bila zile mechi mbili. Nikamwambia, wamekukata. Akacheka: "Hawakunikata, bro. Hawakunilipa tu."

Sentensi hiyo nimeitafuna muda mrefu. Anayekukata ana mkono na kisu, unaweza kumwonyesha kidole. Asiyekulipa hajafanya chochote. Hakuna kosa, hakuna barua, hakuna wa kulalamikiwa. Nikaanza kusoma nyuma, nitafute ni lini mwanamichezo wetu alitoka kwenye kukatwa akaingia kwenye kutolipwa.

Barabara moja, sheria mbili

Tuanze na mfanyakazi wa kawaida, kwa sababu mchezaji naye ni mfanyakazi hata kama kazi yake inaitwa mchezo.

Kitengela ni mji wa watu waliotoka kwingine. Kuna wanaofanya EPZ pale Athi River, wanaofanya kwenye viwanda vya saruji, na wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda Nairobi. Karibu wote wanazikia kwingine. Ukisimama kando ya barabara ya Namanga Ijumaa jioni utaona basi la kukodi lenye picha ya marehemu kwenye kioo cha mbele, akina mama wamejifunga leso, vijana wamesimama nje wakihesabu nani hajafika. Jumapili usiku basi linarudi, na Jumatatu asubuhi watu hao hao wako kazini, macho mekundu.

Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007, inampa mfanyakazi siku 21 za likizo ya mwaka. Inampa likizo ya uzazi, yeye mama miezi mitatu, yeye baba wiki mbili. Inampa likizo ya ugonjwa: siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara. Ukitafuta siku za kuzika, sheria hiyo haina. Mwajiri mwema atakupa, chama cha wafanyakazi chenye nguvu kitakuandikia kwenye makubaliano, na usipokuwa na hivyo viwili unakula siku zako 21. Kwa wengi, likizo ya mwaka ni akiba ya vifo.

Sasa fuata barabara hii hii, pita Isinya, pita Kajiado mjini, pita Bissil, fika Namanga na uvuke. Upande wa pili kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi wa Tanzania ana angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiugua au akifa, au akifiwa na mume, mke, mzazi, babu, nyanya, mjukuu au ndugu. Siku 4 ni kidogo, ndiyo. Lakini zimeandikwa, na mtu anaweza kuzidai bila kupiga magoti.

Saa za kazi zilizopotea

Pesa za mchezaji na siku ambazo hayuko kazini zimekuwa na ugomvi tangu zamani. Cha kushangaza ni kwamba ugomvi ulianza ukiwa umegeuzwa.

Kaskazini mwa Uingereza, karne ya 19, raga ilichezwa na watu wa migodi na viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, angalau nusu yake. Mchimba makaa akiacha kazi kwenda kucheza, alipoteza ujira wa saa hizo. Vilabu vya kaskazini vikasema: tumfidie hizo saa alizopoteza. Wakubwa wa chama cha raga, wengi wao watu wa kusini waliosoma shule za gharama, walikataa. Kwao mchezo ulikuwa wa heshima, na fidia ilikuwa mshahara uliovaa kofia. Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli ya George mjini Huddersfield, vilabu zaidi ya 20 vikajitenga. Ndiyo maana mpaka leo dunia ina raga mbili.

Angalia walichokuwa wanapigania. Mtu aliacha kazi kwenda uwanjani, na swali likawa: hasara ya saa hizo aibebe nani? Leo mtu anaacha uwanja kwenda kaburini, na swali ni lile lile. Watu wa Huddersfield walijibu kwamba klabu inayofaidika na mtu huyu isimwachie hasara peke yake. Sijaona jibu bora kuliko hilo kwa miaka mia na zaidi.

Klabu iliyozaliwa na vyama vya kusaidiana

Turudi nyumbani, kwa sababu hapa historia yetu ina kitu ambacho mashabiki wengi hawakijui au wamekisahau.

Wakati wa ukoloni, Nairobi haikutaka Mwafrika azeeke wala afie mjini. Ulitakiwa ufanye kazi, na kazi ikiisha urudi ulikotoka. Hakukuwa na bima, hakukuwa na pensheni ya maana, na mtu akifa chumbani Pumwani au Kaloleni, waliomshughulikia walikuwa watu wa kwao. Ndiyo vikazaliwa vyama vya kusaidiana: Luo Union, vyama vya Waluhya, na vingine vingi vya lokesheni na koo. Vilichanga wakati wa ugonjwa, vilichanga wakati wa msiba, vilitafutia wageni kazi na mahali pa kulala. Na kwa kuwa watu hao walipenda mpira, vikawa pia na timu.

Mwaka 1964 ikaundwa Abaluhya FC, ambayo ni AFC Leopards ya leo. Mwaka 1968 timu za Luo Union na Luo Stars zikaungana kuwa Gor Mahia. Mwaka 1980 serikali ya Moi iliamuru majina ya kikabila yafutwe, Abaluhya ikawa AFC, lakini mashabiki ni wale wale na nyimbo ni zile zile.

Kwa hivyo mashemeji derby unayoiona leo, ile ya firimbi na isikuti, ina mizizi kwenye vyama ambavyo kazi yao mojawapo ilikuwa kuhakikisha mtu wao hazikwi kama mbwa. Mchezaji wa enzi hizo hakulipwa kitu cha maana na klabu. Mara nyingi alikuwa na kazi kwingine, reli, posta, au bandari. Lakini akifiwa, watu waliokuwa wakimshangilia Jumapili ndio waliokuwa wakimchangia Jumatatu. Hakukuwa na sera ya likizo ya msiba kwa sababu klabu yenyewe ilitokana na msiba.

Sitaki kupaka rangi. Mchango si haki. Ukikosana na wazee, mchango unapungua. Ukiwa wa kabila lingine, unaweza kujikuta unasimama pembeni. Ninachosema ni kwamba gharama ilijulikana ni ya wote.

Mwanajeshi mwenye miguu

Kwenye riadha njia ilikuwa nyingine. Kenya ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki Tokyo mwaka 1964, shaba ya mita 800, na aliyeileta ni Wilson Kiprugut, mwanajeshi. Dhahabu ya kwanza ilikuja Mexico mwaka 1968 kwenye mita 10,000, kwa Naftali Temu, mwanajeshi. Kipchoge Keino, dhahabu ya mita 1,500 mwaka huo huo, alikuwa mkufunzi wa mazoezi chuo cha polisi Kiganjo.

Si bahati. Sheria za ridhaa za siku hizo zilikataza mkimbiaji kulipwa kwa kukimbia. Nchi maskini ingewalisha vipi? Ikawaajiri kama askari, wafungwa wakapata mabwana jela wenye mbio, na taifa likapata medali. Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuja tarehe ile ile, ushinde ushindwe, ukimbie usikimbie. Askari aliyefiwa aliomba ruhusa kama askari mwingine yeyote. Sisemi jeshi lina huruma, muulize yeyote aliyewahi kuomba ruhusa kwa sajini. Nasema tu kwamba alikuwa na mwajiri, na mwajiri alikuwa na fomu, na fomu haikuuliza ana mashindano lini.

Mfumo huo haujafa. Wachezaji wa Ulinzi Stars ni wanajeshi. Wasichana wetu wa voliboli, Malkia Strikers, kwa miaka mingi wametoka timu za Kenya Prisons, KCB na Kenya Pipeline. Mzazi wa Kajiado akimwambia mwanawe "kimbia, lakini tafuta kazi ya polisi," vijana hucheka. Mzee anajua anachosema. Anamwambia: tafuta mahali ambapo ukisimama kidogo, dunia haitakuacha.

Kisha pesa ikaja

Mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia liliruhusu wakimbiaji wapokee pesa kupitia mifuko maalumu. Mwaka 1993 mabingwa wa dunia walipewa magari ya Mercedes. Mwaka 1997, Athens, wakaanza kupewa pesa taslimu, dola 60,000 kwa mshindi. Kwa kijana wa Iten au Ngong, upande huu wetu wa Kajiado ambako wakimbiaji wamefanya mazoezi miaka na mikaka, dunia ilifunguka. Nyumba za mawe, ng'ombe wa gredi, matrekta. Nani atasema ilikuwa vibaya?

Lakini pesa hiyo ilikuja na umbo lake. Mkimbiaji wa marathoni hana mshahara. Ana ada ya kushiriki anayolipwa na waandaaji akifika kwenye mstari, ana zawadi akimaliza mbele, ana bonasi akivunja muda, na ana kandarasi ya kampuni ya viatu. Meneja, ambaye mara nyingi ni mtu wa ng'ambo, anachukua sehemu yake, kwa kawaida asilimia 15. Mbio kubwa anazoweza kukimbia kwa mwaka ni mbili, labda tatu. Kila moja inataka miezi mitatu au minne ya kujiandaa.

Sasa muue babake wiki tatu kabla ya mbio. Nisamehe, lakini vifo havisomi kalenda. Kuna mikutano ya kila jioni, kuna kesha, kuna kulala kwenye kiti cha plastiki, kuna wageni 400 wa kulisha, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye pesa, kila swali linaishia kwake: jeneza, mahema, ng'ombe, basi. Wiki moja ya namna hiyo inamaliza mazoezi ya mwezi. Akijiondoa, hapati ada, hapati zawadi, hapati bonasi. Hakuna aliyemkata. Hawakumlipa tu.

Kandarasi za viatu zina kisu kilichofichwa zaidi. Nyingi zina vipengele vya kupunguza malipo: usipokimbia idadi fulani ya mashindano, au ukishuka kwenye orodha, pesa inapungua. Dunia ilivijua vizuri mwaka 2019, pale wakimbiaji wa Marekani Alysia Montaño, Kara Goucher na Allyson Felix waliposema hadharani jinsi ujauzito ulivyohesabiwa kama kutofanya kazi. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka huo huo Nike ikatangaza kwamba haitapunguza malipo kwa sababu ya ujauzito kwa kipindi cha miezi 18. Kumbe vipengele vile havikuandikwa na Mungu. Viliandikwa na mtu ofisini, na mtu ofisini anaweza kuvifuta.

Kwenye mpira wetu hali ni chungu kwa namna yake. Mwaka 2019 SportPesa iliondoka na udhamini wake, na ligi ikabaki uchi. Gor Mahia na AFC Leopards, vile vilabu vya mchango, wachezaji wake wakakaa miezi bila mshahara. Ukimuuliza mchezaji wa namna hiyo kama ni haki akatwe akienda matanga, atakuuliza: akatwe nini? Nadhani hii ndiyo sababu mjadala huu haujawahi kuwaka kwetu. Ni vigumu kudai siku tano za malipo wakati unadai miezi mitano.

Matasia, siku 154

Watu wa upande wa pili wana hoja, na nyingine ni nzito. Mimi mwenyewe naishi Kajiado, siwezi kuikwepa ile nzito kuliko zote: mazishi yetu hayana mwisho.

Wakili S.M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong, hapa hapa Kajiado. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, nchi nzima ikachukua upande, na mzee akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Ni siku 154 tangu afe. Hebu mfikirie mchezaji wa kulipwa kwenye familia ile. Likizo ya siku ngapi ingemtosha?

Na si siku tu, ni watu pia. Sheria ya Tanzania imetaja mzazi na ndugu. Kwetu baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na binamu ni ndugu mpaka uulizwe mara ya pili. Klabu inaogopa, na si kwa upuuzi, kwamba ikifungua mlango huo nyanya za watu zitakufa mara tatu kwa mwaka, zote Alhamisi. Kila bosi wa Kitengela ana hadithi ya namna hiyo.

Lakini kesi ya Otieno inanifundisha kinyume cha wanachotaka kunifundisha. Muda wa kuzika si kitu kilichoshuka kutoka kwa mababu kikiwa kimekamilika. Hapa Kajiado kwenyewe, Wamaasai wa zamani hawakuchimbia wengi wao makaburi kabisa. Mwili wa mtu wa kawaida uliachwa porini, na kaburi lilikuwa la wachache wenye heshima kubwa. Kukaja kanisa, zikaja hati za ardhi, na leo kaburi la saruji ndani ya boma ni jambo la kawaida. Watu wamebadilisha mazishi yao mara nyingi, na wanaweza kupangia siku. Familia ikiambiwa "kijana wetu ana siku saba," itapanga siku saba. Ikiambiwa "kijana wetu hana hata moja," ndipo vita huanza, kwa sababu hapo anayeamua ni klabu, na klabu haikumjua marehemu.

Kuhusu nyanya wanaofufuka: kila mazishi ya Kenya yana kibali cha mazishi. Ni karatasi. Iombwe.

Hoja ya pili ni ya wanaotazama mishahara ya Ulaya. Mtu analipwa mamilioni, akikosa wiki moja atakufa njaa? Hoja hii husahau watu walio chini. Wanamichezo wengi wanaolipwa duniani hawako Manchester. Wako kwenye ligi kama yetu, wakilipwa kwa mechi. Tena hata huko juu pesa haimalizi jambo. Mwaka 2014, wakati Kolo na Yaya Touré wako Brazil na timu ya Ivory Coast, mdogo wao Ibrahim alifariki Manchester akiwa na miaka 28. Waliambiwa baada ya mechi na Colombia. Hawakuondoka, walibaki na timu. Pengine walitaka. Lakini mtu huwezi kujua kama amebaki kwa hiari mpaka pawe na mlango wa kutokea ambao hautamgharimu kitu.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: mchezaji analipwa kucheza, na asipocheza kuna mwenzake aliyevuja jasho mahali pake. Ni kweli. Kwa hivyo nitenganishe. Bonasi ya ushindi, ada ya mechi iliyochezwa, pesa ya bao, hizo ni za aliyekuwa uwanjani, na mfiwa mwenyewe nadhani hatazidai. Mshahara wa mwezi ni kitu kingine. Huo unalipia mwili unaotunzwa mwaka mzima, mazoezi ya saa kumi na moja alfajiri, msimu wote. Mtu hajavunja kandarasi kwa kwenda kumzika mamake. Mshahara usiguswe. Na pale ambapo klabu imeyaita malipo yote "posho ya mechi" ili isiwe na mshahara wa kugusa, kama kwa jirani yangu, basi tuseme ukweli: jina limebadilishwa ili hasara ihamie kwa mchezaji.

Inawezekana

Wenye kusema haiwezekani nawaelekeza Marekani, mahali ambapo hakuna anayegawa pesa kwa huruma. Ligi kuu ya besiboli ina orodha ya wafiwa tangu 2003. Mchezaji akifiwa au mtu wake wa karibu akiwa mahututi, anawekwa kwenye orodha hiyo kwa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 7. Timu inaruhusiwa kumwita mwingine ajaze nafasi, na mfiwa anaendelea kulipwa. Timu haikosi mtu, na mtu hakosi mazishi. Besiboli haijafa.

Kwenye mpira, FIFA ilianza Januari 2021 kulazimisha likizo ya uzazi kwa wanasoka wanawake: wiki 14, angalau theluthi mbili za mshahara. Miaka kumi kabla ya hapo ungeambiwa ni ndoto. Ikiwa kanuni za dunia zinaweza kutambua kwamba mchezaji huzaa, zinaweza kutambua kwamba hufiwa.

Kwetu, vifaa vipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na haijasema isipokuwa makipa. Sheria ya Michezo ya 2013 ilileta mahakama ya mizozo ya michezo. Chama cha wanasoka, KEFWA, kipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye kandarasi: siku saba, mshahara kamili, kwa mzazi, mtoto, mume au mke, ndugu, na yeyote aliyemlea mchezaji. Huo wa mwisho ni wa muhimu kwetu, nchi ambayo nyanya na mashangazi wamelea nusu ya wanariadha. Kwa wakimbiaji, mstari uwe kwenye kandarasi ya viatu: msimu wa msiba usihesabiwe kwenye kupunguza malipo.

Oktoba 2021, Agnes Tirop alipouawa nyumbani kwake Iten, Shirikisho la Riadha Kenya lilisimamisha shughuli za riadha nchini kwa wiki mbili. Hakuna aliyeuliza nani analipia wiki hizo. Kila mtu alijua kwamba kuna siku ambazo mbio hazina maana. Mchezo wenyewe ukifiwa, unajua kusimama.

Kuna vijana wanaofanya mazoezi uwanja wa Ildamat pale Kajiado mjini, na wengine Kimana, ambako tangu 2012 morani wamekuwa wakishindana kwenye Olimpiki ya Wamaasai, mlezi wao akiwa David Rudisha. Baadhi yao wataletewa karatasi wasaini, na watasaini haraka kwa sababu nyumbani kuna njaa. Wakifika ukurasa wa malipo, wamuulize aliyeileta swali moja: nikifiwa, inakuwaje? Akijibu "hatutakukata," wasishike kalamu bado. Waulize kama watalipwa.